Nilisema Amechoka

Nilikwenda Omugo kwa sababu ya lugha. Saikolojia sikuijua hata kidogo. Ilikuwa likizo ndefu ya mwaka 2024, niko nyumbani Koboko namsaidia mama kuuza samaki wakavu sokoni, ndipo binamu yangu anayefanya kazi huko akanipigia simu. Upepo mkali wenye mvua ya mawe ulikuwa umeezua nyumba nyingi za wakimbizi. Shirika moja lilikuwa limempokea mwanasaikolojia wa kujitolea kutoka Tanga, naye hakujua Kikakwa wala Kiarabu cha Juba. "Wewe si unasoma Kiswahili?" binamu akaniuliza. "Njoo umfasirie." Malipo yalikuwa chakula cha mchana na nauli ya bodaboda.

Kwa mwenzangu ambaye hajafika kwetu West Nile, Omugo iko katika wilaya ya Terego, iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2020. Eneo lake la wakimbizi lilifunguliwa Agosti 2017 kama nyongeza ya Rhino Camp, mwezi ule ule ambao wakimbizi wa Sudan Kusini nchini Uganda walifika milioni moja. Serikali huita mahali hapo makazi, kwa kuwa kila familia hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Sisi twasema kambi, basi. Wengi wao wametoka Equatoria, na kati yao wamo Wakakwa wa Yei, ambao ni ndugu zetu kabisa, maana mipaka ya wakoloni ilitugawa kati ya Uganda, Sudan na Kongo. Bibi yangu mwenyewe aliishi ukimbizini upande wa Yei, baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979 na watu wa West Nile kuvuka mpaka kwa maelfu. Aliposikia ninakwenda kuwauliza watu hali ya mioyo yao, alicheka. "Sisi tulipofika huko tulipewa jembe," alisema. "Hakuna aliyeuliza moyo."

Watu walimwita yule Mtanzania Daktari, ingawa alikana kila siku. Siku ya kwanza alitukalisha wakalimani wanne chini ya mwembe akatufundisha mambo ya msingi kutoka mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011: tazama, sikiliza, unganisha. Usimlazimishe mtu asimulie yaliyomkuta. Usiahidi usichoweza kutoa. Usimwambie mtu kwamba unajua anavyojisikia, kwa sababu hujui. Akatutajia pia hesabu iliyotolewa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa: mwaka 2019 wakimbizi wa Sudan Kusini nchini Uganda walijaribu kujiua mara 97, na 19 kati yao walifariki. Niliziandika namba hizo daftarini na kuzipigia mstari. Halafu akasema, "Mkalimani haongezi wala hapunguzi." Hilo sikuliandika. Niliona ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Kazi yenyewe ilinishangaza. Nilitarajia machozi, lakini nusu ya siku ilikwisha kwa maswali ya maturubai: nani ameandikishwa, nani jina lake limeruka, mgao utafanyika wapi. Daktari alisema hiyo nayo ni tiba, kwamba mtu anayelala kwenye maji hawezi kutulizwa kwa maneno. Nusu ya pili ilikuwa mazungumzo, na hapo ndipo Kiswahili changu cha chuoni kilipokwama. Daktari alisema "sonona" na "kiwewe", maneno niliyowahi kuyajibu vizuri kwenye mtihani, na sikuwa na Kikakwa chake mdomoni. Mwishowe nilikuwa nauliza tu kama mtu ana mawazo mengi. Kila mmoja alielewa. Daktari hakukasirika, alisema uchunguzi uliofanywa Rhino Camp miaka ya nyuma ulikuta wakimbizi wenyewe wakitaja "kuwaza kupita kiasi" miongoni mwa shida zao kubwa. Ukifikiri, na sisi Waswahili tumeliweka jambo hilo hilo ndani ya neno moja: ukisema fulani ana mawazo, hakuna anayedhani ana fikra nzuri.

Wiki ya pili tulifika kwa mama mmoja ambaye nyumba yake ilibaki kuta tatu. Alikuwa akikwangua matope kwenye sufuria. Mbegu zake za ufuta na maharage zilikuwa zimelowa na kuanza kuota ndani ya gunia. Alilea watoto wake wawili na watatu wa marehemu dada yake, na tangu Julai 2023, chakula cha msaada kilipoanza kugawanywa kwa makundi, familia yake iliwekwa katika kundi la asilimia 30. Haya yote aliyasema kwa haraka, kama mtu anayetaja bei. Daktari akauliza usiku ule wa upepo ulikuwaje.

Akasema watoto walikimbilia kwa jirani. Yeye hakukimbia. Alikaa chini akitazama ukuta unavyotikisika, akitamani umwangukie. Ukaanguka wa upande wa pili. Na sasa kila jioni, akasema, anakaa pale pale akiutazama ule uliobaki.

Aliyasema kwa Kikakwa, taratibu, bila kuacha kukwangua sufuria. Mtoto wa dada yake alikuwa amesimama karibu, na shemeji yake alikuwa ameketi kwenye kigogo akisikiliza redio. Daktari akanigeukia.

Nikasema, "Anasema amechoka sana."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kwetu neno la kujiua halitamkwi mbele ya watu, na msichana wa miaka 21 hawezi kulitamka kwa niaba ya mama wa umri wa mama yake. Tena sheria ya Uganda inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na niliogopa nisije nikampeleka polisi kwa kinywa changu. Sababu hizo ni za kweli, lakini nilizipata baadaye. Pale pale ilikuwa rahisi tu, kwa kuwa kweli alikuwa amechoka. Sikuona kama ninadanganya.

Daktari akamjibu kwa upole kuhusu kupumzika na usingizi, nami nikafasiri yote, neno kwa neno, kwa ustadi mkubwa. Mama akaniangalia. "Amechoka," akasema, kwa Kiswahili. Kumbe miaka ya tisini aliwahi kuishi Koboko, katika ukimbizi wake wa kwanza, na Kiswahili cha sokoni alikuwa nacho. Tukaaga.

Usiku ule sikulala. Namba ya simu ya Daktari nilikuwa nayo na mtandao ulikuwepo. Sikupiga. Nilijiambia kwamba nitamsumbua, kwamba ni usiku mno, na kwamba mama yule ana watoto watano hawezi kufanya lolote. Nilizikumbuka zile namba mbili nilizozipigia mstari. Bado sikupiga.

Alfajiri nilimkuta akinywa chai nikamweleza. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Aliweka kikombe chini akauliza kama bodaboda zimeshaanza kupita. Tulipanda watatu kwenye pikipiki moja, mimi katikati, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu nimkute akikwangua sufuria.

Alikuwa anakata nyasi za kuezekea. Daktari akaomba tukae pembeni, mbali na shemeji, akaniambia nimuulize waziwazi kama anafikiria kufa. Nikamwambia, je, tukimtia wazo hilo kichwani? Akasema kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kufa, bali humpa nafasi ya kulisema alilonalo. Basi nikauliza. Sentensi hiyo sikuwahi kuitamka kwa Kikakwa maishani, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

Mama hakumtazama Daktari. Alinitazama mimi. "Jana ulisikia," akasema.

Nikamwambia ndiyo, nilisikia, na nilipunguza, na ninaomba radhi. Hapo nilivunja kanuni nyingine, maana nilizungumza maneno yangu mwenyewe. Nikamfasiria Daktari hayo nayo. Kisha mama akazungumza karibu saa nzima. Baada yake twende zetu kituo cha afya cha Omugo, mama, jirani yake aliyemchagua mwenyewe, Daktari na mimi, tukamsubiri muuguzi wa afya ya akili hadi saa nane. Alipewa tarehe ya kurudi, na jirani akakubali kwamba jioni zote watakaa pamoja nyumbani kwake. Ukuta uliobaki vijana waliubomoa siku iliyofuata. Wazo la kuubomoa lilikuwa la jirani, si la Daktari.

Daktari aliondoka wiki moja baadaye, muda wake ulikuwa umekwisha. Alikuwa mtu mwema na alijua kazi yake, lakini wiki tatu ni wiki tatu. Mama aliponiona narudi bila yeye, hakuuliza amekwenda wapi. Wanaokuja na kuondoka amewazoea. Nilibaki wiki mbili zaidi, mara nyingi bila la kufasiri, nikimsaidia kufunga matita ya nyasi. Tarehe za kliniki alizifuata mbili. Ya tatu aliikosa kwa sababu iligongana na siku ya mgao wa chakula, na muuguzi akamwandikia nyingine.

Mwezi Desemba nilipita tena. Paa lilikuwa jipya, nyasi bado zina harufu. "Umechoka?" akanisalimu kwa Kiswahili, kisha akacheka kicheko kirefu, nami nikacheka kwa aibu. Alinipa ufuta kidogo kwenye mfuko wa karatasi nimpelekee bibi yangu, niliyekuwa nimemsimulia habari zake.

Bibi aliumwaga kwenye ungo akaupepeta, akautafuna kidogo. Akaniuliza huyo mama anatoka upande gani wa Yei, pengine anawajua watu waliomhifadhi zamani. Sikuwahi kumuuliza.