Birika la Umeme na Kipimo cha Maji

Katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe wa Unguja, si mbali na Darajani, ipo nyumba ya ghorofa mbili ambayo kuta zake za mawe na chokaa ni nene kadiri ya urefu wa mkono wa mtu mzima. Kwa muda wa miaka mingi chai ya nyumba hiyo ilichemshwa uani juu ya seredani. Bibi mwenye nyumba, mjane aliyekwisha kuupita umri wa miaka sabini, aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akakoka makaa, akayapepea, akateleka kandirinya. Na watu waliporudi msikitini walikuta maji yakitokota na tangawizi imekwisha kupondwa.

Mjukuu wake, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hakupenda kumwona mzee wake akiinamia moshi. Alipopata akiba kidogo alinunua birika la umeme la lita 1.7, akamletea. Nia ilikuwa njema, na wiki mbili za kwanza sifa zilikuwa nyingi. Walakini mwezi ulipokaribia kwisha, mita ya Tukuza iliishiwa yuniti siku tano kabla ya wakati uliozoeleka. Bibi hakugomba. Alilichomoa birika, akalifunika kitambaa, akaliweka juu ya kabati mahali pasipofikiwa na mkono wa mtoto.

"Dude hili lina njaa, mjukuu wangu," alisema. "Mie sina mali ya kulilisha."

"Unaliogopa bure, Bibi," alijibu kijana. "Ni mazoea tu."

Neno hilo lilimchoma bibi kuliko hasara ya fedha. Kwa hakika halikuwa neno la haki, maana woga wa mwanamke yule haukuwa woga wa chombo kipya; ulikuwa kumbukumbu. Sehemu kubwa ya umeme wa Unguja haizaliwi Unguja. Huzalishwa Tanzania Bara kwa nguvu za mito na za gesi, na tangu mwaka 1980 huvuka bahari kwa waya uliolazwa chini ya maji kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kisha, tarehe 10 Desemba 2009, ukakatika tena, na safari hiyo haukurudi mpaka Machi 2010. Aliyekuwa mtu mzima siku zile anakumbuka pampu za maji zilizonyamaza, foleni za ndoo, ngurumo za jenereta madukani, na bei ya mkaa iliyopanda kama mkwezi. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013, na hali ikawa nafuu sana. Lakini bibi hakuacha kuuona umeme kama mgeni ajaye kwa jahazi: hukaribishwa kwa heshima, wala hatumwi ovyo.

Basi kijana, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma na moyo wake ulikuwa umemsuta, alichukua daftari ili ahakikishe njaa ya birika ni ya kiasi gani. Hesabu yenyewe si ngumu. Maji ya bomba la Unguja huwa na joto la nyuzi 27 au 28; kuyafikisha lita moja kwenye kutokota hutaka takriban sehemu moja ya kumi ya yuniti, pamoja na kile kidogo kinachopotea njiani. Birika la wati 2,000 likijazwa pomoni huchemka kwa dakika tano hivi, na hula karibu yuniti 0.17. Likijazwa hivyo mara tatu kwa siku, ni nusu yuniti. Kwa mwezi, yuniti 15. Lakini nyumba ile ilikunywa lita moja ya chai asubuhi na nyingine jioni, basi. Mahitaji ya haki yalikuwa yuniti sita kwa mwezi. Zile tisa zilikwenda wapi?

Zilikwenda katika maji ambayo hayakunywewa na mtu. Kijana alikumbuka, kwa aibu, ya kuwa mwenye kulijaza birika siku zote alikuwa yeye. Alilijaza hadi alama ya juu ili amimine kikombe kimoja cha kahawa, akasahau maji yaliyobaki, akarudi baada ya saa moja kuyachemsha upya. Bibi, kwa upande wake, kila alipolishika alikuwa ameyapima maji kwa kikombe chenyewe cha chai, kikombe kwa kila mnywaji na kimoja cha mvuke, kama alivyofanya alipokuwa akiulinda mkaa wake. Wala asingelijaza seredani makaa kwa ajili ya kikombe kimoja. Alingoja moto wa maharage, na maji yakachemka kwa moto ule ule. Elimu ambayo mjukuu aliitafuta kwa kalamu ilikuwa mikononi mwa bibi yake siku nyingi.

Palikuwa na hasara nyingine iliyojificha, nayo ilikuwa katika kifuniko. Birika la umeme lajua kujizima kwa sababu mvuke hupita katika kitundu kidogo na kuigusa sahani nyembamba ya metali mbili zilizoshikamanishwa; metali moja hutanuka kuliko mwenzake, sahani ikapinda, swichi ikaruka. Kampuni ya Russell Hobbs ya Uingereza iliuza birika lenye kujizima namna hiyo tangu mwaka 1955. Ila ujuzi wa kuziunganisha metali mbili ni wa zamani zaidi, kwani John Harrison, fundi saa wa karne ya 18, aliutumia katika saa zake za baharini ili joto lisiziharibie majira. (Si ajabu basi kwamba watu wa pwani wanufaike nao jikoni.) Kifuniko kikiachwa wazi, mvuke hutoka juu na hauifikii sahani, maji huendelea kutokota bila kuzimika, na kila dakika moja ya kusahau hula umeme wa kutosha kuchemsha kikombe kizima. Mjukuu alikuwa na desturi ya kukiacha wazi ili aone maji yanapoanza kuchemka.

Baada ya hesabu hiyo alilishusha birika kabatini, akamwomba bibi radhi, na kumsihi alitazame ndani pamoja naye. Ndipo walipoona kwamba kitako chake kilikuwa kimefanya gamba jeupe, gumu, kama ukoga katika meno.

"Hili ni jiwe la ukuta wetu," alisema bibi, akilikwaruza kwa ukucha.

Alisema kweli kuliko alivyokusudia. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe, nayo ndiyo yaliyojenga Mji Mkongwe na ndiyo yaliyochomwa tanuuni yakawa chokaa yake. Mvua inapopita hewani na udongoni huchukua hewa ya ukaa, ikawa na ukali kidogo, ikayayeyusha mawe hayo polepole hata maji ya kisima yakawa mazito. Maji yakichemshwa, hewa ile hufukuzwa, na jiwe hurudi kuwa jiwe pale pale penye moto. Kwa hiyo kila birika la kisiwani hujengwa ukuta ndani yake, chai baada ya chai.

Wengi husema ya kuwa gamba hilo ndilo linalomaliza yuniti. Hapa yafaa kusema kwa kipimo. Joto la umeme halina pa kwenda ila majini, hata likicheleweshwa na gamba. Upotevu wake katika yuniti si mkubwa. Uharibifu wake ni juu ya birika lenyewe: chuma kilichofunikwa hupata joto kupita kiasi chake na kufa mapema, na birika lililokufa kabla ya wakati ni hasara ipitayo yuniti za miezi mingi. Dawa iko sokoni Darajani. Ndimu tatu zikakamuliwa ndani ya maji nusu birika, yakachemshwa, yakaachwa yapoe. Gamba likatoa povu, likabanduka vipande vipande, na birika likasuuzwa mara mbili. Ukwaju na siki hufanya kazi ile ile. Kulikwaruza kwa kisu ni kosa, na kulitumbukiza majini zima zima ni hatari, kwa sababu roho yake iko chini ya kitako.

Jambo la plagi halikuwataka maneno mengi. Bibi aliigusa mara baada ya kuchemsha, akasema ina moto. Soketi ya ukuta ule wa kale ilikuwa imelegea, na hewa ya chumvi ilikuwa imeila shaba yake. Fundi aliitwa, akaweka mpya, na waya wa kuunganishia uliokuwa umetandazwa sakafuni ukaondolewa.

Birika lilirudi mezani kwa sharti moja, nalo ni la bibi: yeye ndiye atakayelitia maji. Huchemsha lita moja alfajiri na moja baada ya alasiri, akaitia katika chupa ya chai iliyokwisha kusuuzwa kwa maji ya moto, na anayetaka kikombe huenda kwenye chupa. Maji ya kunywa ya nyumba nzima huyachemsha katika sufuria kubwa juu ya seredani, siku apikapo maharage.

Jioni moja ya masika, baada ya magharibi, umeme ulikatika mtaa mzima. Mjukuu alisimama akapapasa meza akitafuta tochi. Alipokuwa bado akipapasa alisikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa, na chai ikimiminwa gizani, kikombe cha kwanza, kisha cha pili.

"Kaa, baba," alisema bibi. "Sukari iko mkono wako wa kulia."