Wiki Kumi na Sita

Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020, nilikuwa kidato cha sita. Mtihani wa taifa tuliufanya mwaka 2021, nami nikafaulu somo kuu moja, ilhali chuo kikuu hudai mawili. Fedha nilizoziweka ili niurudie ziliishia katika matibabu ya mama. Ikabaki njia ya mtihani wa watu wazima wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho Shule yake ya Biashara, iliyoundwa Nakawa mwaka 1997, ina tawi mjini Arua. Mwaka jana niliufanya. Karatasi ya somo maalumu nilifaulu. Ile ya uwezo wa jumla ilinishinda, kwa kuwa muda ulikwisha kabla ya maswali.

Hilo lilinishangaza, kwani hesabu ndiyo kazi yangu. Katika soko la Koboko nauza maharage na unga wa muhogo, na mkononi mwangu hupita shilingi za Uganda, pauni za Sudan Kusini na faranga za Kongo. Mteja akinilipa pauni, akataka chenji kwa shilingi, huwa nimekwisha kuikokotoa kabla hajafunga mkoba. Lakini hukokotoa kwa Kiswahili. Kwenye karatasi, punguzo lile lile huja kwa Kiingereza, limefichwa ndani ya sentensi ndefu yenye vishazi vitatu, na dakika zangu huliwa na sentensi, wala si na hesabu.

Kwa hiyo mpango wa safari hii nimeuanzia kwenye lugha. Nimejipa wiki 16. Katika wiki nne za mwanzo sikokotoi chochote: nasoma swali, nalifunika, kisha nasema kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, ni kitu gani kinachotafutwa. Wiki nane zinazofuata ni za kukokotoa kwa saa ya mkononi. Nne za mwisho ni za karatasi nzima, ambazo huzifanya Arua kila Jumamosi pamoja na watahiniwa wenzangu wawili.

Nilidhani saa ndiyo itakayokosekana. Alfajiri nina saa moja na nusu kabla ya kufungua kibanda, siku sita kwa wiki. Yaani saa tisa, na kwa wiki zote 144. Si haba. Jumamosi za Arua ndizo zilizonitia wasiwasi, kwani hiyo ni siku ya mauzo, na nauli nayo hutoka mle mle. Nilimweleza shangazi.

“Mwanangu, huo si mtihani wa tatu?” akauliza.

“Ndiyo, shangazi, ni wa tatu.”

Akanyamaza kidogo, akipepeta maharage. “Basi niachie mzani na ile orodha ya bei. Ila pauni sizijui. Hao watakusubiri Jumatatu.”

Sasa niko wiki ya kumi na tatu. Jumamosi iliyopita nilifikia swali la mwisho zikiwa zimebaki dakika nne, na shangazi alikuwa amewapoteza wateja wawili wa pauni.