Swali la Nyanya

Nyanyangu hutembea kwa mikongojo. Hapa kwetu, utingo akimwona tu steji hupiga bodi ya matatu, "Twende dere!", nasi tukaachiwa vumbi. Wakikubali kusimama, mimi humbeba mgongoni hadi mlangoni. (Naye si mwepesi, jamani!)

Likizo ya Agosti 2023 tulimzuru shangazi, Dar es Salaam. Pale Kimara tulipanda mwendokasi, mabasi yaliyoanza kazi mwaka wa 2016. Kituo kilikuwa kimeinuliwa, sakafu yake sawa na ya basi. Nyanya akaingia mwenyewe, ko, ko, ko, kama aingiaye jikoni kwake. Nilipomnyooshea mkono alinikata jicho. Basi lilijaa pomoni, lakini kijana mmoja akampisha: "Shikamoo bibi, kaa hapa."

Shangazi akatusimulia kwamba Juni 2018 wataalamu wa usafiri wa mijini kutoka nchi mbalimbali walikutana jijini humo, katika mkutano ulioitwa MOBILIZE, kujifunza kutokana na mabasi hayo hayo.

"Kati yao," Nyanya akauliza, "alikuwako mwenye mikongojo?"

Shangazi hakujua. Tulipofika Kivukoni, Nyanya alitangulia kushuka.