Kamba ya Kuni na Kalamu ya Chuo



Kila mwaka vijana wetu wanapopata nafasi katika vyuo vikuu nyumba hujaa furaha, na baada ya furaha huja hesabu. Ada italipwa na nani? Chakula je? Chumba je? Hapo ndipo huzuka swali ambalo wazee wengi na vijana wengi wananiuliza: Je, yafaa mwanafunzi wa chuo kikuu afanye vibarua, au aache kabisa, ashughulike na kitabu chake tu? Sina elimu ya kutoa fatwa, wala sijipi cheo nisichokuwa nacho. Nitaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe, mengine nayaonea haya hata leo, na kila mtu atachukua linalomfaa.

Mimi ni mtoto wa Bugwema, katika wilaya ya Musoma, mkoa wa Mara. Baba yangu ni mkulima wa pamba na mihogo, na jioni husomesha watoto Kurani chini ya paa la bati ubavuni mwa nyumba yetu. Waislamu kwetu si wengi. Jirani zetu walio wengi ni Wasabato na Wakristo wa makanisa mengine, nasi tumeishi nao kwa wema tangu zamani. Mwaka 2019 nilipata nafasi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, nikawa wa kwanza nyumbani kwetu kufika huko. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilinipa mkopo. Katika miaka yangu fedha ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku; baadaye ikaongezwa kuwa 10,000. Mwenye kuijua Dar es Salaam anajua kuwa fedha hiyo hula kwa adabu. Tena ni deni, na deni ni amana shingoni. Atakayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka alipe.

Mwezi Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini, vyuo vilifungwa, nasi tukaambiwa turudi makwetu. Nikafika Bugwema na sanduku la vitabu na mashati mawili meupe. Siku za kwanza nilikuwa mgeni wa heshima. Nilikaa chini ya mwembe, nikasoma, nikaamkiwa na watoto, nikaletewa chai. Nyumbani kulikuwa na mihogo, lakini sukari na mafuta vilikuwa vikihesabiwa. Nami niliona, nikajifanya sioni.

Siku moja akaja jirani yetu mmoja, Msabato, mwenye mitumbwi ya dagaa katika mwalo ulio mwendo wa baiskeli kutoka kwetu. Akamwambia baba, "Mzee, nahitaji vijana wa kuanika dagaa. Huyu wako amekaa tu, mlete." Nikajibu mimi kabla ya baba, "Mzee, mimi ni mwanachuo." Jirani akacheka kidogo, akaaga. Baba hakusema neno.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, baba aliniita. Akanikumbusha hadithi aliyoipokea Bukhari, ambayo maana yake ni kuwa mtu kutwaa kamba yake, akaenda kutafuta kuni, akaubeba mzigo mgongoni na kuuuza, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wakampa au wakamnyima. Akanikumbusha pia ya kuwa Nabii Daudi, hali ni mfalme, alikula kwa kazi ya mkono wake. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni bora kuliko Daudi?" Nikainamisha kichwa. Akasema, "Elimu isiyoweza kushika ndoo ya dagaa, nami naiogopea."

Basi asubuhi nikaenda.

Yafaa nieleze kazi yenyewe, kwani wengi wa mijini humla dagaa bila kujua safari yake. Dagaa wa Ziwa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi hutoka na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu ya jua. Dagaa huufuata mwanga, nao huzungushiwa wavu. Alfajiri mitumbwi hurudi, na hapo kazi ya nchi kavu huanza: kuchota, kubeba, kutandaza juu ya nyavu kuukuu na juu ya vichanja, kugeuza, na kuwafukuza ndege. Adui mkubwa ni mvua. Wingu likionekana upande wa Ziwa watu wote hukimbia, kwani dagaa walioloa huoza, na jasho la usiku mzima huwa chakula cha kuku. Siku ile ya kwanza mikono yangu ilichubuka, na harufu ilinifuata mpaka kwenye mswala. Lakini jioni nilimpa mama kilo mbili za sukari, akaniombea dua ambayo hata leo naisikia masikioni.

Kilichonishangaza zaidi ni namna kazi ile ilivyofuata mwezi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi hupumzika. Nikahesabu, nikaona ya kuwa siku za kupumzika ni zile za katikati ya mwezi wetu wa Kiislamu, na ndani yake zimo siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15, ambazo ni sunna kuzifunga. Nusu ya Shaabani mwaka ule ilitukuta mitumbwi imepinduliwa mchangani, nasi tukafunga na kusoma. Ilipofika mwisho wa Aprili, mwezi wa Ramadhani ukaandama, na usiku wa giza ukarudi na dagaa wakajaa. Nikaanika hali nimefunga, masika nayo yakitutisha kila siku. Sisemi haya kwa kujisifu. Walikuwapo wanawake, wengine wana watoto mgongoni, waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na hakuna aliyewaita mashujaa.

Yule jirani alinilipa kila siku kabla jua halijatua. Ijumaa ya kwanza nilimwendea kwa woga kumwomba ruhusa ya kwenda kusali. Akaniambia, "Kijana, mimi Jumamosi sigusi wavu wala ndoo. Nitakuzuiaje wewe siku yako?" Tangu hapo Ijumaa nilianza kazi mapema na kuondoka mapema, na ujira wangu haukupungua. Nasi Waislamu tumeambiwa na Mtume wetu (s.a.w.) tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Naona haya kusema ya kuwa mtu wa kwanza niliyemwona akiitekeleza amri hiyo kikamilifu hakuwa wa dini yangu.

Mchana kazi ilipokwisha nilirudi nyumbani, nikaoga, na jioni nikawafundisha hesabu wanafunzi wachache wa sekondari, maana shule zao nazo zilikuwa zimefungwa. Wazee walilipa walichokuwa nacho: mayai, mahindi, mara chache fedha. Tarehe 1 Juni 2020 vyuo vilipofunguliwa nilirejea Dar es Salaam kwa nauli yangu mwenyewe. Baba hakuuza mbuzi.

Laiti hadithi yangu ingeishia hapo, ingependeza. Lakini mtu akisha kuonja fedha ya jasho lake anaweza kulewa nayo kama vile mwingine anavyolewa na fedha ya bure.

Mwanzoni mwa 2021 nilipata kibarua cha usiku katika ghala moja mjini, kupakia na kupakua mizigo. Hatukuandikiana. Sikuuliza ni siku ngapi, ni saa ngapi, wala nikiwa na mtihani itakuwaje. Niliambiwa "njoo tu, tutaelewana," nikaenda. Mwanzo zilikuwa siku mbili kwa juma, zikawa nne, zikawa kila usiku. Kazi iliyoitwa ya muda ikawa ya kudumu, na masomo ndiyo yakawa ya muda. Nilikuwa nikilala darasani, tena Alfajiri ikanipita mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Siku ya jaribio la somo moja kubwa nililala mpaka adhuhuri. Nikashindwa somo lile, nikapaswa kurudia mtihani. Na mwenye ghala, nilipomwomba ujira wa majuma matatu, aliniambia "kesho," na kesho yake haijafika mpaka leo. Sikuwa na karatasi wala shahidi.

Hilo sikumficha baba, ingawa nilitamani. Nilimpigia simu nikimtazamia anikaripie, au aseme kuwa vibarua ndivyo vilivyoniharibu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, kamba ni ya kufunga kuni. Ukiona imekufunga wewe, ifungue." Nami nikaifungua siku ile ile. Likizo nzima iliyofuata nilijitayarisha kwa mtihani wa kurudia, nikafaulu, Alhamdulillahi. Mwaka wa tatu nilifundisha masomo ya ziada nyumbani kwa watu wawili, Jumamosi na Jumapili tu, kwa mapatano yaliyoandikwa.

Katika siku zile nilisoma kwa jicho jingine kisa cha Nabii Musa katika Surat al-Qasas. Musa alifika Madyan ni mkimbizi, hana kitu, akakubali kuajiriwa. Lakini tazama mapatano yao. Yule mzee alimweleza muda, yaani miaka minane, na akitimiza kumi itakuwa ni hiari yake. Akamwambia kuwa hataki kumtaabisha. Na Musa naye akasema wazi kuwa muda wowote kati ya hiyo miwili akiutimiza, asidhulumiwe. Wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa wakili wa maneno yao. Kazi ilijulikana, na malipo, na muda, na hiari. Mtume wa Mwenyezi Mungu aliweka sharti kabla ya kushika fimbo ya kuchunga, nami niliingia ghalani kwa neno "tutaelewana"!

Nilipomaliza masomo mwaka 2022 nilikuwa miongoni mwa makarani wa Sensa ya Watu na Makazi, iliyoanza tarehe 23 Agosti. Ilikuwa kazi ya siku chache, lakini kila kitu kilijulikana tangu mwanzo. Tulifunzwa, tukala kiapo cha kutunza siri, tukapewa vishikwambi, na malipo yalikuwa katika maandishi. Nilizunguka vijiji vya kwetu nyumba kwa nyumba, nikiuliza ni nani aliyelala hapa usiku wa kuamkia sensa. Nilifika kwa yule jirani wa dagaa. Akajibu maswali yote kwa utulivu, kisha akamwambia mkewe, "Huyu ndiye mwanachuo wangu." Matokeo yalipotangazwa, Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, nami nilijua kuwa katika hesabu hiyo imo jasho langu kidogo.

Basi, ndugu zangu, kwa hayo niliyoyaona nausia mambo manne.

Kwanza, kijana asione haya kwa kazi ya halali. Shati jeupe halimwongezei mtu heshima hali mama yake anakopa sukari.

Pili, aulize kabla ya kuanza: ni kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani na lini, na siku ya mtihani itakuwaje, na saa ya sala itakuwaje. Mwajiri mwema hachukizwi na maswali haya. Anayechukizwa amekwisha kukujibu.

Tatu, apime kila juma ni nani anayemtumikia mwenziwe, kazi au masomo. Dagaa wa Bugwema waliniachia mchana wa kusoma na siku za mwezi mweupe za kupumzika. Lile ghala halikuniachia hata usiku. Kazi isiyojua kupinda kwa ajili ya darasa, hata ikiwa na fedha nyingi, si ya mwanafunzi.

Nne, na hili nawaambia wazazi: msimwachie mtoto hesabu yote peke yake, wala msimfungie nyumbani kama yai. Muulizeni anafanya kazi wapi, analala saa ngapi, amelipwa au hakulipwa. Na binti zetu wanaosoma vyuoni, ambao likizo hurudi wakapika, wakachota maji na kulea wadogo zao mpaka usiku, nao wanafanya kibarua, ila hakina ujira wala siku ya kupumzika. Wapeni nao saa za kitabu.

Na wewe mwenye duka, ghala au shamba, ukimwajiri kijana wa chuo, mlipe leo. "Kesho" yako ni nauli yake, ni chakula chake, na huenda ni mtihani wake.

Juzi nilikuwa nyumbani. Yule mwembe ungalipo, na chini yake amekaa mdogo wangu, naye ameitwa chuoni mwaka huu. Nilimkuta anasoma, na kando yake ndoo ya dagaa aliyoirudisha kutoka mwaloni. Baba alimtazama, akanitazama mimi, akaingia ndani kutia udhu.

Mwenyezi Mungu awabariki vijana wetu katika elimu yao na katika jasho lao, na awalinde na dhuluma, ya kudhulumiwa na ya kudhulumu. Amin.