Mita Moja ya Karema Si Mita Moja ya Coco Beach

Nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nyumbani Mpanda, halafu nikateremka mpaka Karema, ziwani. Najua wengi wenu mkisikia Katavi mnawaza viboko wa hifadhini, asali na dhahabu. Wachache wanakumbuka kwamba mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, una ufukwe mrefu wa Ziwa Tanganyika, na kwamba huko kuna watu ambao kila asubuhi wanaamua kuingia majini au kubaki nchi kavu.

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo Dar tunaliona kama la wazungu na vibao vyao vya kuteleza juu ya maji: utabiri wa mawimbi.

Nenda Coco Beach wakati wa kusi, kati ya Juni na Septemba, utawakuta vijana wanaoteleza. Wale hawaji kwa kubahatisha. Kabla ya kutoka nyumbani wameshaangalia simu: wimbi lina urefu gani, linatoka upande gani, na zinapita sekunde ngapi kati ya wimbi moja na jingine. Halafu wanaangalia maji kujaa na kupwa, kwa sababu wimbi likikuta mwamba wenye maji machache linavunjika kwa namna moja, na maji yakijaa linavunjika kwa namna nyingine au linapita tu. Wanafanya hesabu hiyo kwa ajili ya kujifurahisha, na siwalaumu hata kidogo. Ninachojiuliza ni hiki: mbona anayeteleza kwa starehe ana hesabu kamili kiasi hicho, na anayebeba abiria ishirini na magunia ya dagaa anaambiwa tu "leo ziwa lina mawimbi"?

Tuanze na sayansi yenyewe, haina makuu. Wimbi la maji ni mtoto wa upepo, na ukubwa wake unategemea mambo matatu: upepo una kasi gani, umevuma kwa muda gani, na umepita juu ya maji matupu umbali gani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita takriban 670, na upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50 tu. Ni mfereji, na umelala kusini kwenda kaskazini. Sasa kuanzia Mei hadi Septemba upepo mkuu unatoka kusini mashariki na unafuata mfereji huo. Kutoka Mpulungu, Zambia, hadi usawa wa Karema ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ni maji matupu. Hakuna kisiwa kikubwa cha kuuzuia upepo wala bonde la kuupoza. Ukivuma siku mbili tatu bila kupumzika, mawimbi yanakuja yakiwa yameshajenga mwili.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mita moja ya ziwani na mita moja ya baharini si kitu kimoja. Wimbi la Bahari ya Hindi lililosafiri kutoka mbali linaweza kuja kila baada ya sekunde 12, na katika maji yenye kina umbali kati ya kilele na kilele unazidi mita 200. Ngalawa inapanda taratibu na kushuka taratibu kama gari kwenye vilima vya Iringa. Wimbi la ziwani linakuja kila sekunde 4 au 5, na kutoka kilele hadi kilele ni mita 25 hadi 40. Boti ya mbao yenye urefu wa mita kumi na kitu haijamaliza kushuka wimbi la kwanza, la pili limeshafika. Halina mteremko, lina ukuta. Abiria analowa, maji yanaingia, mtu wa kuchota anachoka, injini inakohoa.

Lipo pia suala la namba yenyewe. Mtaalamu akiandika mawimbi ya mita 1, hana maana kwamba hakuna wimbi litakalozidi hapo. Namba hiyo kwa kawaida ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Ukikaa majini saa kadhaa, ujue utakutana na moja au mawili yanayokaribia mara mbili ya hapo. Na urefu ukiongezeka mara mbili, nguvu ya wimbi inaongezeka mara nne. Wenzangu tuliokimbia hesabu kidato cha pili, hapo ndipo zinapoturudia!

Sasa niwapeleke kwenye mwalo mmoja kaskazini ya Karema, nilikokwenda kumsalimia mjomba. Binamu yangu ni nahodha wa boti ya abiria na mizigo. Barabara ya huko ni ya kuomba Mungu, kwa hiyo boti ndiyo daladala, ndiyo lori, na mgonjwa akizidiwa usiku ndiyo gari la wagonjwa. Asubuhi ile tulikuwa watu kama kumi na wanane tunangoja kwenda Karema. Kulikuwa na mama mmoja mwenye magunia saba ya dagaa wakavu, na tajiri wake wa Mpanda alikuwa ameshafika na lori. Lori likiondoka bila dagaa, ndiyo basi tena, ada ya mtoto imeondoka nalo.

Simu yangu ilipata mtandao juu ya kichuguu. Utabiri ulisema upepo wa wastani, mawimbi chini ya mita moja. Nikamwonyesha binamu. Akaangalia kwa heshima kabisa, akanirudishia.

"Hiyo imeliona ziwa, mdogo wangu," akasema. "Haijaona pale kwenye mawe."

Nje kidogo ya mwalo ule kuna safu ya mawe. Zamani yalikuwa yanaonekana, na kila nahodha aliyajua kama anavyojua meno yake. Maji ya ziwa yamepanda miaka hii: watu wa Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie wanakumbuka nyumba na barabara zilizofunikwa mwaka 2021 na tena 2024. Mawe yale sasa yamezama. Siku ya utulivu unapita juu yake bila kujua. Siku ya upepo wa kusini, wimbi likifika pale tumbo lake linakwama kwenye mwamba, kichwa kinaendelea, na linavunjika. Kanuni ya jumla ni kwamba wimbi huvunjika kina cha maji kinapokaribia urefu wake, kama mara moja na robo hivi. Wimbi la mita moja linapita salama kwenye maji ya mita tatu. Kwenye maji ya mita moja na kidogo linakuangukia. Kwa wale vijana wa Coco Beach hiyo ingekuwa siku ya sikukuu. Kwetu ulikuwa mlango, na mlango ulikuwa umefungwa.

Binamu alikaa juu ya boti iliyopinduliwa akawa anahesabu. Nilidhani anahesabu abiria. Kumbe alikuwa anahesabu mawimbi yanayovunjika na yale yanayopita. Mama wa dagaa akaja juu: "Mwanangu, lori halinisubiri mimi! Wewe unaogopa maji umezaliwa juu yake?" Abiria wengine wakamuunga mkono, kijana mmoja akasema kuna boti nyingine itapita na yeye atapanda hiyo. Hebu jiweke mahali pa nahodha. Akikataa, anapoteza nauli, anapoteza jina, na huyo mama hatapanda kwake tena. Akikubali na ikaenda vizuri, hakuna atakayekumbuka. Akikubali na ikaenda vibaya, tunajua magazeti yataandika nini.

"Shikamoo mama," akamwambia. "Nisamehe. Upepo huu umeshuka kutoka nchi kavu tangu usiku. Mchana ziwa litauvutia upande wake, utalegea. Tungoje saa nane."

Na hilo nalo lina sayansi yake. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hewa inateremka kutoka kwenye vilima kwenda ziwani na kuusaidia upepo wa kusini mashariki. Mchana nchi ikipata joto, hewa ya ziwani inavuma kuja nchi kavu, na katika ufukwe huu wa mashariki inapingana na ule wa usiku. Hakuisoma popote, lakini alichokisema ndicho ambacho mwalimu wa jiografia angekiandika ubaoni. Ilipogonga saa nane na nusu tukatoka. Juu ya mawe maji yalikuwa yanatetemeka tu. Tulifika Karema tumelowa magoti, magunia yote saba makavu. Lori lilikuwa limeondoka. Mama alilia, halafu akaanza kutafuta pa kulala.

Ndiyo maana sipendi hadithi zile za "hekima ya wazee imeishinda kompyuta". Haikushinda mtu. Kuna mambo utabiri wa mbali unayajua kuliko binamu: siku mbili tatu kabla, unaweza kuona upepo wa kusini unavyojikusanya, na yeye hawezi. Kuna mambo binamu anayajua ambayo modeli haiwezi, kwa sababu modeli za dunia nzima hukata sayari kwa miraba ya kilomita kadhaa, na safu ya mawe yenye urefu wa uwanja wa mpira haionekani humo. Na yapo ambayo wote wawili yanawatoa jasho: dhoruba za mvua za kati ya Oktoba na Aprili, ambapo wingu moja linaweza kugeuza ziwa ndani ya nusu saa.

Na upepo wenyewe si adui. Ule ule unaofunga mlango wa mwalo ndio unaosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yenye rutuba yanapanda kuchukua nafasi. Viumbe vidogo vya majini vinastawi, dagaa wanavila, migebuka wanawala dagaa. Bila kusi kusingekuwa na magunia saba.

Gharama ya kukosea tunaijua. Desemba 2014 meli ya MV Mutambala ilizama kwenye ziwa hili upande wa Kongo, wakafa watu zaidi ya 120. Mzigo kupita kiasi na upepo mkali vilitajwa. Hata MV Liemba, chuma cha Wajerumani kilichojengwa Papenburg mwaka 1913, kikazamishwa 1916 na kurudi kazini 1927, kwa miongo mingi kilikuwa kikisimama mbali na vijiji vingi visivyo na gati, na abiria wakashushwa kwenye mitumbwi katikati ya mawimbi, mtoto akirushwa mkono kwa mkono. Hatari kubwa mara nyingi ilikuwa kwenye mita mia chache za mwisho. Sasa Karema imejengewa bandari, na hilo ni jambo jema. Lakini bandari ni moja na mialo ni mingi.

Je, inawezekana kufanya vizuri zaidi? Ziwa Victoria limeshatuonyesha. Kwenye mradi ulioitwa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017, idara za hali ya hewa za nchi zetu zilitoa utabiri wa ziwa uliogawanywa kwa maeneo na kwa vipindi vya siku, katika lugha ambazo wavuvi wanazisema, kupitia redio na vikundi vya ufukweni. Tathmini ya mradi ilikadiria kwamba vifo vinavyotokana na hali ya hewa vilipungua kwa karibu theluthi moja. Hawakuligusa ziwa lenyewe. Walibadilisha namna ya kusema.

TMA wanatoa utabiri wa maziwa makuu, Tanganyika likiwamo, na wanatoa angalizo na tahadhari upepo mkali unapotarajiwa. Kazi iliyobaki ni ya kuufikisha mpaka kwenye mawe. Nionavyo mimi, kila mwalo unahitaji vitu vitatu. Kwanza, utabiri wa jioni kwenye redio za Mpanda unaotaja upande wa upepo na saa, ili mama wa dagaa amwambie tajiri mapema kwamba lori lije kesho. Pili, kigingi chenye alama za kina cha maji pale penye mawe, mti na rangi tu, ili wote waone maji yamefika wapi. Tatu, kikundi cha ufukweni chenye mamlaka ya kusema "leo hapana", ili nahodha asibebe lawama peke yake mbele ya watu kumi na wanane wenye haraka.

Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote, maana halinunuliwi dukani. Utabiri mzuri usio na mtu wa kuusimamia unaishia kuwa habari tu. Na sisi waandishi tuna kawaida ya kufika ufukweni boti ikishazama, tukahesabu miili na kuuliza jaketi okozi zilikuwa wapi. Siku ambayo boti haikutoka, dagaa wakachelewa na watu wote wakala chakula cha jioni, hatuiandiki. Mimi nimeiandika leo. Yule mama alipata lori jingine baada ya siku mbili, kwa bei ya chini. Ukimwuliza mzigo uliobaki nani aubebe, hilo ndilo swali ninalowaachia, wadau. Nawasilisha.