Bega Lisilokuwa na Jina

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu mimi lilisalimika. Kilichoponzeka ni bega, tena bega la kulia, la mkono nishikao kalamu na chaki.

Nyuma ya bweni letu palikuwa na kiwanja cha changarawe tulichokiita, kwa majivuno, "ukumbi wa mazoezi". Chombo chake kikuu kilikuwa bomba la chuma ambalo ncha zake mbili zilitiwa katika mikebe ya rangi, mikebe ikajazwa saruji na kokoto, ikaachwa ikauka. Tuliambiwa kuwa bomba hilo lina uzito wa kilo 50, nasi tukaamini kama tuaminivyo mengi tunayorithi kwa waliotutangulia chuoni.

Niliingia chuoni nikiwa kimbaumbau mwiko wa pilau. Kufikia mwaka wa tatu kifua kilikuwa kimelijaza shati, na sitaficha kuwa nilipenda kutazamwa. Zoezi langu lilikuwa moja tu: kusukuma. Nililala chali nikasukuma, nikasimama nikasukuma. Kulivuta bomba kuelekea kifuani, kazi inayoujenga mgongo, sikuona faida yake. Nani huuona mgongo wake kwenye kioo?

Mwezi wa Machi bega lilianza kunong'ona. Nikivua shati, lilinichoma. Nikililalia usiku, niliamka. Mwenzangu chumbani, mzaliwa wa Pate, aliniasa, "Ndugu yangu, huo mwili una haki yake. Upumzishe." Nikamcheka.

Jioni moja ya Aprili, wiki mbili kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya ufundishaji, wanafunzi kadhaa wa mwaka wa kwanza walikuja kututazama. Nikalishusha bomba nyuma ya shingo, nikalipandisha hadi juu ya kichwa. Mara ya nne kitu kiliniachia ndani ya bega, mithili ya kamba ya ndoo iponyokapo mkononi kisimani. Bomba likanikwaruza mgongo, likaanguka changaraweni kwa kishindo. Mimi nikatabasamu, nikajipangusa vumbi, nikasema nimechoka. Hata katika maumivu yale, kilichonishughulisha kwanza ni macho ya wale vijana.

Asubuhi sikuweza kuchana nywele.

"Kwetu ungepelekwa kwa mhazigi," alisema mwenzangu.

Nilimkodolea macho. Neno hilo sikuwa nimelisikia. Akanieleza kuwa mhazigi ni fundi wa kuunga mifupa iliyovunjika. Kisha akaongeza kuwa mfupa wangu hauonekani kuvunjika, kwa hiyo niache kumtumbulia macho, nivae viatu, niende hospitali.

Mtaalamu wa viungo alikuwa mama wa makamo, mtaratibu.

"Unaumwa wapi, kijana wangu?"

"Begani, Daktari."

"Begani wapi?"

"Hapa."

"Hapa ni wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Akaandika neno la Kiingereza, au pengine la Kilatini, nami nikainamisha kichwa. Mimi niliyeweza kukitenganisha kitenzi mofimu kwa mofimu hadi kikabaki mzizi mtupu, nilikosa jina la mahali paninyimapo usingizi.

Akaushika mkono wangu, akauinua polepole kwa upande. Mwanzoni hapakuwa na neno. Ulipofika kama nyuzi 60 nikauma meno. Ulipopita nyuzi 120, maumivu yakapungua. Akanieleza kuwa hakuna kiungo mwilini chenye uhuru wa kuzunguka kuliko bega, na uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kikombe kifupi mno, kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Kinachokizuia kisitoke ni, miongoni mwa vingine, misuli minne midogo inayokizunguka. Kano za misuli hiyo ndizo nilizoziumiza, hasa ile ipitayo katika upenyo mwembamba chini ya mfupa wa juu ya bega. Kwa kuupima nguvu mkono wangu aliamua kuwa kano haikukatika yote. Hata hivyo, kano hupata damu kidogo, hivyo hupona kwa mwendo wa kobe: wiki kadhaa, pengine miezi.

"Unasomea nini?"

"Ualimu, Daktari. Kiswahili na Historia."

"Basi nionyeshe unavyoandika ubaoni."

Nikainua mkono. Ukakwama palepale.

Usiku ule mwenzangu alinitajia majina, nami nikayaandika kwa mkono wa kushoto, hati ikienda upogo: mtulinga, ule mfupa wa mbele utokao shingoni hadi begani, kombe la bega, ule mpana wa nyuma, fuzi, jina jingine la bega lenyewe. Ni ajabu kwamba maumivu yaliyopata majina yalinitisha kidogo kuliko yale yaliyoitwa "hapa".

Tiba yenyewe ilikuwa ya kumdhalilisha mtu wa majivuno. Nilikata ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, nikaufunga kwenye kitasa cha mlango. Kisha, kiwiko kikiwa kimebana taulo ubavuni, nikauvuta kwa kuuzungusha mkono kuelekea nje, mara 15, nikapumzika, nikarudia. Baadaye niliruhusiwa kuinua chupa ya maji ya nusu lita. Wale wa mwaka wa kwanza walinipita nikiinua chupa hiyo, wakanisalimu kwa heshima iliyozidi kiasi.

Siku moja tulilipeleka bomba kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, tukalipima ncha moja baada ya nyingine. Upande mmoja ulikuwa mzito kuliko wa pili kwa kilo 5. Ningependa kuilaumu saruji, lakini saruji haikuniambia nisiujenge mgongo, wala haikunizuia kupumzika mwezi wa Machi.

Mwezi wa Mei nilikwenda kufundisha kidato cha pili. Nilitumia nusu ya chini ya ubao tu. Juu, palipostahili tarehe na mada, aliandika kiranja wa darasa, msichana mrefu mwenye hati nzuri kuliko yangu. Wanafunzi wa viti vya nyuma walilalamika kuwa hawaoni maandishi ya chini, nami nikawasogeza mbele. Mhadhiri aliyekuja kunikagua aliandika katika ripoti kuwa nimejua kuwashirikisha wanafunzi. Sikumweleza sababu.

Wiki ya tisa, kabla kengele haijalia na darasa likiwa tupu, nilichukua chaki, nikauinua mkono taratibu, nikaandika tarehe kwenye ukingo wa juu. Herufi zilitetemeka. Kiranja alipoingia aliitazama, akachukua kifutio, akageuka na kuniuliza kama airudie.

"Iache," nikamwambia.