Nusura niue mti wa marehemu!

Ndugu msomaji, majuu si lelemama. Mimi niliingia Pennsylvania, Marekani, mwaka 2014 nikiota suti na tai. Kibarua cha kwanza cha maana nilichopata kilikuwa kutunza bustani ya bibi mmoja mjane.

"Kijana, miti unaijua?" akaniuliza.

"Bibi, mimi nimekulia shambani!" nikajibu kwa mbwembwe.

Uongo mtupu. Mimi mtoto wa Magomeni, mti niliouzoea ni mwarobaini wa uani, ambao haumwombi mtu maji wala huruma.

Bustanini kulikuwa na miti mitatu ya hemloki. Usishtuke, si ile sumu aliyonyweshwa Socrates kule Athens mwaka 399 kabla ya Kristo. Ile ni mmea mwingine kabisa, wa majimaji. Hii ni miti mirefu ya jamii ya misonobari, yenye majani mafupi kama sindano, na tangu 1931 ndiyo mti rasmi wa jimbo lile. Mkubwa kati yake ulipandwa na marehemu mume wa bibi, wiki aliyozaliwa binti yao. Kila asubuhi bibi alikunywa kahawa barazani akiutazama.

Mwezi wa nne nikaona vitu vyeupe kama pamba chini ya vitawi. Nikadhani ni theluji iliyogoma kuyeyuka. Majani nayo yakawa yanapauka. Mjuaji mimi nikaamua: mti una njaa! Nikaumwagia mbolea ya chumvichumvi kama vile ni mahindi.

Wee acha tu. Kufika mwezi wa kumi, sindano zinapukutika ovyo. Bibi akaacha kunywa kahawa barazani. Mimi usingizi ukanipaa.

Nikamleta bwana miti. Akaichungulia ile pamba, akatikisa kichwa. Kumbe ni nyumba ya kidudu kinachofyonza mti, chenye asili ya Japani, kilichoonekana Virginia mwaka 1951. Kwenye hemloki za huko vyote ni vijike na vinataga bila dume! Tena mbolea yenye naitrojeni ndiyo inavinenepesha. Yaani nilikuwa nawapikia maadui pilau.

Jioni ile nikaenda kuungama, nikijua kibarua kimeota nyasi. Bibi akakaa kimya muda mrefu.

"Mume wangu naye nusura aukaushe kwa kiu mwaka wa kwanza," akasema. "Ila yeye aliuliza."

Ile "ila" iliniuma kuliko kufukuzwa.

Bwana miti akamwaga dawa shinani ili mizizi iipandishe juu. Mimi nikapewa masharti: mizizi ya hemloki haiendi chini sana, kwa hiyo wakati wa ukame nimwagilie taratibu kila wiki, nitandaze magome bila kugusa shina, na mbolea marufuku. Mti mmoja ulikufa, nikaukata kwa mikono yangu mwenyewe. Ule wa marehemu, mwaka wa pili ukachipua vincha vya kijani kibichi. Bibi akarudi barazani, safari hii na vikombe viwili.

Mwenzangu unayesaka kibarua, mjini kujifanya mjuaji kunalipa, sikatai. Lakini ukikabidhiwa kitu alichokiacha mpenzi wa mtu, teremsha mabega uulize. Kuuliza si ujinga.